Shingo ya Mzee Kibwana

Mzee Kibwana alikuja kwenye kibanda cha kinyozi kumtoa bintiye. Alikuwa amemtafutia kazi ya ukarani, kazi ya kukaa kivulini na kugonga mihuri, na binti kaikataa kwa ajili ya wembe.

"Hii kazi ya wanaume, Mwanaidi. Nani atampa mwanamke shingo yake?"

Wanaume waliokaa kwenye benchi wakatazama chini, kila mtu na ndevu zake. Kinyozi mwenyewe alikuwa amekwenda msibani na kumwachia Mwanaidi kibanda, na tangu asubuhi hakuna aliyethubutu kukikalia kiti mbele ya msichana.

"Kaa wewe, baba," Mwanaidi akasema. "Nikikukwaruza hata kidogo, kesho naenda kugonga mihuri."

Mzee akamgeukia mkewe, Bi Riziki, aliyemfuata nyuma ili asipitwe na mambo.

"Usinitazame mimi," mkewe akasema. "Nimelala ubavuni mwa shingo hiyo miaka yote hii, na sababu za kuikata nilikuwa nazo tele. Mbona uko mzima?"

Benchi zima likaangua kicheko. Mzee akakaa kwa hasira. Mwanaidi akamfunga kitambaa, akampaka povu, akavunja wembe mpya katikati na kutia nusu kwenye mpini. Kisha akamwinua kidevu kwa vidole viwili.

Koo la mzee likapanda, likashuka. Akafumba macho.

Pale benchini, mwenye ndevu nyingi kuliko wote akavua kofia yake polepole, akaipakata, akasogea upande ulio karibu na kiti.