Mgeni wa Chini ya Paa

"Subiri, fundi. Usizibe bado."

Mama alisimama juani, mikono ina povu la sabuni, macho juu kwenye tundu la chini ya paa. Fundi, rafiki wa mumewe, alikuwa juu ya ngazi na saruji mbichi kwenye mwiko.

"Shemeji, saruji haijui kusubiri. Huyo ndege mwenyewe umemwona?"

"Nimemsikia."

Tangu wiki iliyopita alikuwa akimsikia, kila anapokuwa jikoni, kutoka upande wa chumba cha mtoto. Akikimbilia huko, kimya.

Ndege wote wa pale nyumbani aliwajua kwa sauti, bila kuinuka kitandani: hua wa kwenye antena, shomoro wa kwenye uzio, shore wa kwenye mpapai. Kila asubuhi alimpakata binti yake dirishani, akamtajia mmoja mmoja. Daktari alishasema masikio hayana shida, mtoto aongeleshwe tu. Mwaka wa tatu ulikuwa unakatika, na binti hajatamka hata "mama".

Lakini huyu mgeni alimshinda. Alianza kama hua, akamalizia kama shore. Hakuna ndege wa hivyo.

"Labda chotara," mumewe alitania, ameshikilia ngazi. Kisha akasema kwa upole, "Mama watoto, panya wanapita humo. Juzi wametafuna godoro la mtoto. Ziba, fundi."

Tundu likazibwa.

Mama hakutulia. Alirudi kwenye beseni, akaziacha nguo majini. Akabandika chai, akasahau majani. Alikuwa anafunika sufuria alipomsikia tena, sauti ndogo, kama ya mtu anayeomba mlango.

Akatoka mbio, peku.

"Tumemfukia mzima. Bomoa."

"Shemeji, hata haijakauka."

"Ndiyo maana nakwambia bomoa sasa hivi."

Fundi akamtazama mume. Mume akaona hapa si pa kubishana, akaitikia kwa kichwa. Saruji ikabomolewa. Fundi akaingiza mkono hadi begani, akapapasa, akatoka na utando wa buibui na mavi ya panya.

"Hamna kitu, shemeji. Kweli tena."

Mama hakuridhika. Aliingia chumbani, akampita mtoto kitandani bila hata kumsemesha, akapanda juu ya meza, akasukuma ubao wa dari. Giza. Vumbi likamwingia machoni. Akamwita yule ndege kwa mluzi, kama hua.

Akajibiwa papo hapo. Hua kwanza, kisha shore. Ila sauti haikutoka juu.

Akageuka polepole. Binti yake alikuwa amesimama kitandani, ameshika chandarua, midomo kaikunja duara, anavuta pumzi aanze tena.