Aliyemwita Ketura

Siku ya tatu ya mkutano wa uamsho, mjane Ketura alianguka katikati ya mahema, akalia mpaka sauti ikamkauka, kisha akazirai. Alipozinduka, wahubiri watatu walikuwa wamemwinamia: Mmethodisti, Mbaptisti na Mpresbiteri.

“Umeokoka nikihubiri mimi, dada,” alisema wa kwanza.

“La, mimi!” wakadakia wenzake. “Hebu sema, ulisikia sauti ya nani?”

Ketura alikumbuka tu kwamba kuna aliyemwita kwa jina, kwa upole ambao hakuwa ameusikia tangu amzike mumewe.

“Niiteni,” aliwaomba.

Wakamwita, mmoja baada ya mwingine. Hakuna sauti iliyofanana na ile. Ketura akashika njia ya mtoni, wote watatu nyuma yake, asijue abatizwe na nani. Maji yalipomfika magotini, alisimama akasikiliza kama ile sauti itamwita tena.