Jua la Kumeza

Siku Rénovat alipozikwa Mishamo, mama yake, Bi Vestina, hakumpa mkono mkamwana wake. Alimpita Séverine pale kaburini kama mtu anayepita kisiki.

"Kifua cha mwanangu kilitaka vidonge vya Ponsian," aliwaambia waombolezaji. "Mke akaona hasara."

Ponsian alikuwa akiuza vitamini D pale hospitali, mjini Mpanda. Aliiita jua la kumeza, na wakulima waliochomwa na jua la bure tangu utotoni waliinunua bila kucheka. Kikohozi kibaya kilipoenea, alikuwa na neno moja tu: "Nionyesheni mteja wangu hata mmoja aliyekufa."

Hakuna aliyeweza kumwonyesha.

Siku ya kuanua matanga, ukoo ulikaa kuamua kama Séverine abaki na shamba na watoto, au arudi kwao peke yake. Vestina alimwita Ponsian mwenyewe. Alikuja kwa pikipiki, amevaa miwani ya jua, nyuma kampakia Thadei, jirani aliyelazwa wodi moja na Rénovat, akiugua kikohozi kile kile.

"Huyu alimeza," Ponsian alisema, akimpiga Thadei begani. "Yule hakumeza. Nyie wenyewe mna macho."

"Mimi sikukuona pale," Séverine alisema. "Niliingia na mgonjwa wangu kwa mlango wa dharura, nikalala chini ya kitanda chake, nikatoka naye. Wodini sikubanduka."

Vestina aliguna. "Mpanda nzima inamwona Ponsian. Wewe macho uliyaacha wapi?"

"Shemeji, meza yangu ina mwavuli mwekundu," Ponsian alisema. "Hata kipofu angejikwaa."

Watu wakacheka. Wajomba wa marehemu walicheka hadi wakajifuta machozi, machozi ambayo msibani hayakuonekana.

Séverine alisubiri wamalize, kisha akamgeukia Thadei. "Shemeji, wewe ulinunua lini?"

"Siku niliyoruhusiwa," Thadei alisema. "Nilikuwa nimeshapona, narudi nyumbani. Si ndiyo meza yake iko pale geti la mbele, wanapotokea walioruhusiwa?"

Ponsian alivua miwani, akaanza kuifuta.

Séverine bado analima shamba lile, na watoto wako naye. Mwavuli mwekundu nao bado uko geti la mbele, na hakuna mteja wa Ponsian aliyewahi kufa. Maiti hutolewa kwa geti la nyuma.