Mnusaji wa Nyumba

Bi Nasra wa nyumba ya pili anadai kwamba siku bomba lake lilipong'olewa, ardhi ilishusha pumzi kama mgonjwa aliyepata nafuu. Siwema alimcheka, ila alitamani kuisikia pumzi hiyo.

Mtaa wao ulikuwa juu ya kituo cha zamani cha mafuta. Kila ua ulikuwa na mashine yenye bomba la kufyonza mvuke wa petroli udongoni. Sheria ilikataza kuwasha moto mpaka mnusaji wa nyumba aape kwamba bombani hamtoki tena harufu. Siwema alinusa kila asubuhi, miaka mitatu, na miaka yote hiyo Bi Nasra alimpikia. Jana aliapa. Mafundi walipoondoka na mashine, aliwashukuru mpaka akalia.

Leo Bi Nasra aliingia uani na sufuria ya vitunguu iliyofunikwa.

"Haya, mwenye jiko! Nusa hivyo, uniambie kama utaniweza!"

Siwema alifunua, akainama, kiberiti mkononi. Vitunguu vilikuwa vimeungua, vyeusi tititi, na vilikuwa bado vinafuka moshi. Alivuta pumzi, akavuta tena. Hakusikia harufu yoyote.

Alikiweka kiberiti chini, akachota udongo pale bomba lilipong'olewa.

"Bi Nasra, nakushukuru kwa yote. Hebu ninusie huu."

Bi Nasra, aliyekuwa mnusaji wa nyumba yake miaka mitano kabla naye hajaapa, aliutazama udongo, kisha vitunguu vyake.