Kipimo cha Kocha Ngiri

Zamani hizo, wanyama walipokuwa bado wanasoma chuo, Kinyonga alikuwa mrushaji wa timu ya besiboli, na alichoka kupimwa. Kocha Ngiri alikuwa na kipimo kimoja tu: unarusha mpira, Duma anakimbia sambamba nao, na Duma akiupita, unarudi benchi. Mpira wa Kinyonga, Duma aliupita, akaketi, akajikuna, akausubiri.

"Kocha, kazi yangu ni kumhadaa mpigaji, si kushindana mbio na Duma!" Kinyonga alifoka.

"Kasi, mwanangu. Kasi!"

Siku ya fainali Nyani, kipenzi cha kocha, alirusha mipira iliyovuma kama nyuki. Tembo wa timu pinzani, rungu mkongani, aliipeleka yote ng'ambo ya mto. Nyani alipoishiwa nguvu, timu ikiwa bado inaongoza kwa pointi moja tu, benchini alibaki Kinyonga peke yake.

"Haya, nenda," alisema Ngiri, akafumba macho.

Mpira wa Kinyonga ulikuja kivivu, ukayumba, ukawa kama unaosita njiani. Tembo hakuwa na subira hiyo. Alipiga kabla haujafika, rungu likamzungusha, akaanguka kwa kishindo. Akainuka, akapiga hewa tena na tena, mpaka mwamuzi akamtoa kwa kukosa mara tatu, na mechi ikaisha kwa ushindi wa timu ya Ngiri.

Ngiri alikuja mbio, akamkumbatia Kinyonga. "Umetuokoa, mwanangu! Sasa hebu fikiria, ungeongeza kasi kidogo tu..."

Kinyonga alimkodolea kocha jicho moja. La pili lilimtafuta Duma, likamkuta pembeni ya uwanja, tayari ananyoosha miguu.