Waliokuwa Chini ya Nyasi

Ngiri ndiye aliyetunza uwanja wa gofu wa wanyama. Alipiga magoti akizitafuna nyasi hadi zikawa kama zulia. Akaja Kwarara, ndege wa mdomo mrefu, akaanza kuzitoboa.

"Unaniharibia uwanja, bwana. Toka."

"Mimi hutoboa panapotafunwa tu, mzee."

"Anayetafuna hapa ni mimi peke yangu."

Kwarara akaenda zake. Nyasi zikakauka, Ngiri akamwagilia maji, wapi. Akazivuta kwa meno, zulia zima likainuka bila mzizi hata mmoja. Chini yake funza walijaa, weupe kama wali uliomwagika.

Akalaza sikio chini. Ardhi yote ilikuwa ikitafuna, hadi upeo wa macho. Miaka yote alipiga magoti papo hapo asisikie.

"Mwiteni Kwarara," akawanong'oneza wanyama waliokuja kucheza, "atoboe anapotaka."