Visanduku kwenye Somo la Kichina

Mistari kumi na miwili, na kila herufi ilikuwa kisanduku kitupu.

Nehemiah alilifunga faili, akalifungua tena. Visanduku vilevile. Alikuwa barabarani tangu alfajiri: kumpeleka baba mwenye nyumba kupanda ndege ya Jeddah, kisha bintiye Ghada shuleni, kisha sokoni. Miguu ilimwaka moto. Lakini madam alikumbuka kwamba dereva wake aliwahi kuwa na saiba, duka la kompyuta na intaneti, kule Kitale, basi hakukuwa na kulala.

"Mwalimu wa Kichina anaanza leo saa kumi," madam alisema akiwa mlangoni. "Ghada ana mtihani wiki ijayo. Somo lisipofanyika, halas, basi, natafuta mwalimu mwingine."

"Nikamchukue wapi, madam?"

"Mafi, hakuna kumchukua. Hahitaji gari."

Akaenda zake. Nehemiah akashukuru kimoyomoyo. Angalau safari moja imepungua.

Lois, mfanyakazi wa ndani, alikuwa akiifuta meza ileile kwa mara ya tatu. Miaka miwili walikuwa wakila jikoni pamoja, yeye na dada huyu wa Bungoma, na hakuwahi kumwona akirudia kazi iliyokwisha.

"Kaka, itakubali?"

"Kompyuta haina fonti za Kichina. Herufi isiyoijua inaiwekea kisanduku. Wewe nenda upumzike."

"Leo lazima ikubali," Lois alisema, akabaki palepale.

Nehemiah akaingia kwenye mipangilio, akaanza kupakua fonti. Mtandao ulijikokota kama mgonjwa. Mara mbili kichwa kilimdondoka kwa usingizi. Ilipofika saa tisa na nusu, visanduku vilitoweka, na herufi zikajaa kwenye kioo, nyeusi, zenye vijistari vingi.

"Tayari," Nehemiah alisema akijinyoosha.

Lois akainama karibu. "Bado. Hii imekaa Kijapani. Na hii hapa."

"Kwani si zilezile?"

"Zinafanana. Mtoto akiiga hivyo atakosolewa."

Nehemiah alikuwa amechoka mno kubishana. Pengine Lois alimsikia madam akisema. Mfanyakazi wa nyumbani husikia mengi. Akaitazama orodha ya fonti: kweli, fonti aliyoiweka ilikuwa ya Kijapani. Akapakua ya Kichina, akaichagua. Vijistari viwili vitatu vikahama mahali pake.

"Sasa sawa," Lois alisema, akashusha pumzi ndefu.

Saa kumi kasoro dakika mbili Ghada akashuka na daftari lake, akaketi. Nehemiah akaondoka kwenye kiti ili mwalimu akikute kitupu, akatazama mlangoni. Hakuna aliyebisha hodi.

Lois akavua aproni, akaikunja, akakikalia kile kiti. Akausoma mstari wa kwanza wa Kichina kwa sauti, bila kukwama hata mara moja.

Ghada, ambaye tangu azaliwe hakuwahi kusimama kwa heshima mbele ya mfanyakazi, akasimama kumwamkia mwalimu.